Sauti Isamehewe, Mbio Zizuiwe: Mwongozo wa Kula Nje na Watoto

Ukitoka kwenda kula na watoto, jirani wa meza ya pili ana mambo mawili ya kulalamikia: yale anayoyasikia, na yale yanayoweza kumwunguza mtu. Wazazi wengi huhangaika na la kwanza tu. Mtoto akicheka kwa nguvu anazibwa mdomo, akiuliza swali anaambiwa anyamaze, akilia mama anaona haya mpaka chakula kinamshinda. Wakati huohuo kaka yake mkubwa anazunguka katikati ya viti, mhudumu anampita na bakuli la supu inayotoa mvuke, na hakuna anayesema neno kwa sababu huyu hapigi kelele.

Mwongozo huu unataka tuupindue mpangilio huo. Sauti ya mtoto hupita, na mgahawa ni mahali pa watu. Mbio za mtoto kati ya majiko, trei na mlango wa barabarani ndizo za kusimamisha papo hapo, hata kama anakimbia kimya na kwa tabasamu. Nitaanza na nyinyi wazazi, kisha nitasema na wewe uliyekuja kula zako bila mtoto, na mwisho na mwenye mgahawa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Utulivu wa mtoto mezani huandaliwa nyumbani. Kuna desturi ya kumnyima mtoto chakula cha mchana "ili akale vizuri huko". Fikiria inavyokuwa mkienda kula nyama choma. Mnafika, baba anakwenda dirishani kwa muuza nyama, anachagua mbavu au paja, inapimwa, inapelekwa motoni. Kuanzia hapo ni dakika 45 au saa nzima, na Jumapili baada ya ibada, foleni ikiwa ndefu, ni zaidi ya hapo. Mtu mzima ataagiza kinywaji, atapiga soga na kusubiri harufu. Mtoto wa miaka mitatu mwenye njaa hana pa kuishikia saa nzima. Atalia, na atakuwa na haki ya kulia.

Kwa hiyo mpe kitu chepesi kabla ya safari: uji, ndizi mbivu, nusu chapati. Mkishafika, agizeni kwanza kile kinachotoka haraka, kama supu au chipsi, na nyama ije baadaye. Kama mahali mnapafahamu, pigeni simu mapema wawawekee nyama motoni. Wachomaji wengi hukubali kwa mteja wanayemjua. Na chagueni saa. Saa kumi na moja jioni mgahawa una nafasi, wahudumu hawajachoka na mtoto bado ana akili zake. Saa mbili na nusu usiku mambo yote matatu yamegeuka.

Angalieni pia siku. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, ukumbi wenye televisheni kubwa ni wa mashabiki. Watapiga kelele, watasimama juu ya viti, na hiyo ni haki yao. Usimpeleke mtoto wa miaka miwili pale halafu ukaomba watu washushe sauti.

Halafu kuna suala la baa. Sehemu nyingi zenye nyama nzuri zinauza pombe pia, na familia huingia bila kufikiri. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwenye baa au klabu ya usiku ahakikishe hakuna mtoto anayeingia. Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuingia sehemu inaponywewa pombe. Sehemu zinazojali zimetenga bustani au ukumbi wa familia mbali na kaunta. Ulizeni kuhusu upande huo kabla ya kukaa. Mkiambiwa haupo, nendeni kwingine, maana mlevi wa meza ya pili akimtupia maneno binti yenu hamtakuwa na pa kulalamikia.

Mkobani wekeni kanga mbili. Sijaona kifaa cha mtoto kinachoipita kanga hotelini: inafungwa shingoni nguo zisichafuke, inatandikwa kwenye majani, inamfunga mtoto kiunoni kwenye mgongo wa kiti asiteleze, na mama anajisitiri nayo anaponyonyesha. Ongezeni kikombe cha mtoto chenye mfuniko, kijiko chake, nguo ya kubadilisha, karatasi na kalamu za rangi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, kwa hiyo bebeni kopo lenye mfuniko la kuwekea nepi chafu mpaka nyumbani. Nepi haibadilishwi juu ya meza wanayolia watu, wala kwenye kiti cha pembeni, hata kama msala wa mgahawa ni mbaya. Rudini kwenye gari, au ombeni chumba.

Tena semeni na mtoto kabla ya kutoka, kwa maneno machache anayoweza kuyashika. "Tunakwenda kula. Tutakaa kwenye kiti mpaka tumalize. Ukitaka kushuka, niambie, tutakwenda wote. Chakula cha meza nyingine hatukiombi wala hatukikodolei macho." Mtoto wa miaka minne anaelewa yote hayo, hasa kama mmeyacheza nyumbani. Watoto wetu hucheza kupikapika bila kufundishwa na mtu. Kaa chini nao, mmoja awe mhudumu, mwingine mteja, waagize, wasubiri, washukuru. Anayesoma madrasa ameshafundishwa kusema Bismillahi, kulia mkono wa kulia na kula upande ulio mbele yake. Mkumbushe tu kwamba adabu hiyo haibaki chuoni.

Anzeni kwenye uwazi

Mtoto ambaye hajazoea kula nje asianzie kwenye ukumbi wenye viyoyozi na vitambaa vyeupe. Pwani yetu ina madarasa mazuri zaidi. Coco Beach, Dar es Salaam, mnakula mihogo na mishikaki mbele ya bahari, na kilio cha mtoto kinaondoka na upepo. Mombasa, pale Lighthouse kando ya Mama Ngina Drive, watu hula mihogo na viazi karai na kunywa madafu wakiwa garini au juu ya ukuta, na hakuna anayeshangaa mtoto akiimba. Mtoto akijifunza hapo kukaa, kusubiri na kumshukuru anayemletea chakula, ndipo umwingize chini ya paa.

Lakini uwazi una hatari zake, na hapa ndipo kanuni yangu inapoonekana. Chukua Forodhani, Zanzibar. Bustani ile ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture, ikafunguliwa upya mwaka 2009, na watoto wana sehemu yao ya kuchezea. Jioni meza za wauzaji hupangwa kwa safu: mishikaki, pweza, miwa, urojo, Zanzibar pizza inayokaangwa mbele yako. Kelele za mtoto hapo si kitu, kwa kuwa wauzaji wenyewe wanaita wateja. Ila makaa yako kwenye kimo cha uso wake, mafuta yanaruka kutoka kwenye kikaango, na hatua chache mbele kuna ukuta wa bahari. Mzazi mmoja anunue, mwingine akae na watoto kwenye majani. Msiingie wote katikati ya msongamano mkimwachia mtoto wa miaka mitano amshike mkono mdogo wake wa miaka miwili.

Kijiti cha mshikaki nacho kina hatari ambayo watu huizoea mpaka hawaioni tena. Mtoto anapewa mshikaki mkononi, anautia mdomoni, kisha anaondoka mbio. Akijikwaa, ncha ile inaingia kooni. Ivueni nyama kutoka kwenye kijiti, iwekeni kwenye sahani, kijiti kitupwe kabla mtoto hajagusa chochote. Karanga nzima si za mtoto wa chini ya miaka mitano, maana humpalia. Samaki wa mtoto atolewe miiba kwa vidole vya mtu mzima, si kwa kumwangalia tu. Pilipili isogezwe mbali, kwani hata asipoila atajipaka machoni, na kilio kitakachofuata hakitakuwa cha utundu.

Mkifika

Chagueni meza ya ukutani au ya pembeni, mbali na jiko, mbali na njia ya wahudumu kati ya jikoni na ukumbi, mbali na mlango unaofunguka barabarani. Mtoto akae upande wa ukuta, mtu mzima akae upande wa njia. Mpangilio huo mmoja unaondoa nusu ya ugomvi wa jioni, maana mtoto hawezi kushuka bila kukupita. Migahawa mingi haina viti vya watoto. Watu huvipandisha viti viwili vya plastiki kimoja juu ya kingine ili mtoto aifikie meza, na ni njia nzuri, mradi sakafu isiwe ya vigae vyenye maji na mtoto asisimame juu yake. Miguu ya viti vile hupanuka na kuteleza.

Mkikaa, kabla hamjaagiza, mfanyeni mtoto awaamkie wa meza ya jirani. Huu ndio ushauri ninaouamini kuliko yote yaliyomo humu. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Unasoma darasa la ngapi?" Basi. Mzee aliyekuwa mgeni sasa ni babu, na mtoto aliyekuwa kero mtarajiwa sasa ni mjukuu aliyeamkia. Dakika ishirini baadaye kijiko kikianguka chini kwa kishindo, mzee huyo hatageuka kwa hasira. Bara Kenya, ambako shikamoo haina mizizi kama pwani na Tanzania, mkono wa salamu na "hamjambo" vinatosha. Mtoto mwenye haya asilazimishwe. Msalimie jirani wewe mwenyewe, mtoto akiwa mapajani mwako.

Kwa mama ntilie mambo ni tofauti kidogo. Benchi ni la wote, na saa saba mchana anayekaa hapo ni fundi au dereva wa bodaboda mwenye nusu saa ya kula. Usimpe mtoto wa miaka mitatu nafasi nzima ya benchi huku mtu mzima amesimama na sahani mkononi. Mpakate, ale, muinuke. Mkitaka kukaa kwa raha, fikeni saa nane na nusu, watu wakishapungua.

Kusubiri

Hapa ndipo familia nyingi hushindwa. Chakula hakijafika, mtoto ameshavunja vijiti vya meno vyote na kumwaga chumvi.

Mtoto wa miezi michache hana shida kubwa: anyonye, alale, abebwe. Wa miaka minane na kuendelea ana mazungumzo yake, na akishirikishwa kwenye mazungumzo ya wakubwa badala ya kuambiwa "nyamaza, wakubwa wanaongea", atakaa. Kazi ipo kwa wa katikati, na ngumu kuliko zote ni ya wa kati ya mwaka mmoja na minne. Huyu anajua anachotaka, hana maneno ya kukisema, na mwili wake umeumbwa kutembea. Kumwambia akae tuli saa nzima ni kumwomba kitu asichokuwa nacho. Mtembezeni. Mkubwa mmoja amshike mkono, wazunguke taratibu, waende kunawa mikono, waangalie samaki kwenye friji, wamtazame mchomaji wa nyama kutoka mbali ya kutosha, warudi. Kutembea na mkubwa ni ruhusa, kukimbia peke yake hapana; mtoto anaielewa tofauti hiyo haraka kuliko tunavyodhani, kama hatuibadilishi kila Jumapili.

Kalamu na karatasi husaidia. Vifuniko vya soda husaidia kuhesabu, kwa mtoto ambaye ameacha kutia vitu mdomoni. Simu nayo watu hawaiachi, basi tuseme ukweli kuihusu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Dakika kumi za katuni mkisubiri wali hazitamharibu mtoto wa miaka minne. Tatizo ni sauti. Katuni ya simu iliyofunguliwa hadi mwisho inamkera jirani kuliko kilio, kwa sababu kilio hakina mwenye kukipandisha na kukishusha, na simu unayo mkononi. Izimeni sauti kabisa. Akikataa bila sauti, simu irudi mfukoni. Na nyinyi wenyewe wekeni simu zenu kando: mtoto aliyekaa katikati ya watu wanne walioinamia simu atajitafutia wa kucheza naye, na atamtafuta kwa kukimbia.

Sehemu yenye bembea au puto kubwa la kurukia ni neema, lakini mchezo si mlezi. Mtu mzima mmoja awe pale, akiwatazama. Kama kuna bwawa la kuogelea, mtu huyo asiwe na kazi nyingine yoyote, wala simu, wala soga. Mtoto huzama kimya.

Dada

Kuna mtu ambaye miongozo ya namna hii humsahau. Ni dada wa kazi. Familia inamchukua, inasema imemtoa out na yeye ajifurahishe, kisha anakabidhiwa mtoto mlangoni na kuachiwa mpaka bili inalipwa. Wote wanakula nyama ya moto, yeye anazunguka nje na mtoto mgongoni. Anakula mwisho, kilichopoa, kwa haraka, wengine wakiwa wamesimama na funguo za gari mkononi. Wateja wa meza nyingine wanaona, na watoto wenyewe wanaona pia na kujifunza kwamba kuna watu ambao kula kwao hakuna haraka.

Mwagizieni alichochagua mwenyewe, kije pamoja na chenu. Mtoto azunguke mikononi: dakika kumi baba, dakika kumi mama, dakika kumi shangazi, kisha dada. Baba hasa. Mara nyingi mtoto analia kwa sababu anamtaka baba aliyekaa upande wa pili wa meza na ambaye hajanyoosha mkono tangu wafike.

Mtoto akijitupa chini

Itatokea. Ametaka aisikirimu, amekataliwa, amelala sakafuni anapiga miguu, ukumbi mzima umegeuka. Usianze kubishana naye hapo, na usimpe aisikirimu, maana utakuwa umemfundisha njia. Mnyanyue mkono mmoja chini ya makalio, mmoja mgongoni, utoke naye nje bila maneno. Usimtikise. Nje mpe muda. Wengi hutulia wakipata hewa na bega. Akitulia mrudi, mkae, muendelee kula bila kulifufua jambo hilo. Asipotulia, mwiteni mhudumu, mwambieni "nifungie", lipeni, mwende nyumbani. Hakuna aibu katika kufungiwa chakula.

Kumchapa mbele ya watu hakusaidii mtu yeyote. Kilio kinazidi, mtoto anadhalilika, na watu waliokuwa wakikuonea huruma wanaanza kumwonea huruma yeye. Wapo watakaokuambia kwamba zamani fimbo ndiyo iliyonyoosha watoto. Mimi naamini kilichowanyoosha ni wakubwa wengi waliokuwa karibu, kila mmoja akimjua mtoto kwa jina.

Wengi huilaumu sukari: soda na keki ndizo zilizompandisha mtoto. Imani hiyo ilishapimwa. Mwaka 1995 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa majaribio ambamo watoto walipewa sukari au kitamu kisicho na sukari, bila wao wala wazazi wao kujua kipi ni kipi. Sukari haikuonekana kubadili mwenendo wao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, jaribio jingine la Marekani liliwaambia baadhi ya akina mama kwamba watoto wao wamepewa sukari, ilhali watoto wote walipewa kitamu kisicho na sukari. Akina mama hao waliwaona wana wao watundu zaidi kuliko walivyowaona akina mama walioambiwa ukweli. Zipo sababu nzuri za kumpunguzia mtoto soda, meno yake na hamu yake ya chakula zikiwa mbele. Lakini mkitafuta kilichomchangamsha, angalieni muziki, taa, binamu sita na usingizi wa mchana aliokosa.

Wewe wa meza ya jirani

Umelipa, umechoka, unataka kula kwa utulivu. Haki unayo. Lakini mgahawa si chumba chako, na mtoto ni mteja kama wewe. Korea Kusini, kuanzia miaka ya 2010, migahawa mingi ilibandika matangazo ya kutopokea watoto. Mwaka 2017 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo iliamua kwamba mgahawa mmoja wa kisiwani Jeju, uliowakatalia watoto wa chini ya miaka 13, ulibagua. Uamuzi wa tume ni ushauri, hivyo matangazo hayakwisha. Nisingependa tufike huko. Kwetu mtoto bado anaweza kupakatwa na mtu asiyemjua kwenye daladala, na ruhusa hiyo ya kumgusa mtoto wa mwenzio ina wajibu wake.

Kinachostahili kuvumiliwa ni kilio cha mtoto mchanga, cheko, maswali, wimbo, kijiko kilichoanguka, macho yanayokutazama ukitafuna. Mama anayenyonyesha hahitaji hata kuvumiliwa, maana hajakukosea. Usichopaswa kukivumilia ni mtoto kukimbia kwenye njia ya chakula cha moto, kurusha vitu, kuchukua kilicho kwenye sahani yako, kusimama juu ya kiti kilicho karibu na jiko. Hapo sema, na useme mapema, kabla hasira haijakujaa.

Sema na mzazi, si na mtoto, ila kama hatari ni ya sasa hivi. Mtoto akiwa hatua moja kutoka kwenye makaa, mshike kwanza, kisha mrudishe ukisema: "Samahani dada, alikuwa amefika kwenye jiko, nikaogopa ataungua." Ukianza na hatari, mzazi anakusikia, ukianza na malezi, anajitetea. Usiseme "watoto wa siku hizi", wala "mtoto huyu hana adabu", wala usimwagize mhudumu akaseme kwa niaba yako kitu ambacho wewe umeogopa kukisema. Na wewe mzazi ukiambiwa, jibu ni fupi: "Ahsante kaka, tusamehe." Usimgeukie mtoto na kofi ili kumwonyesha mgeni kwamba unajua kulea.

Kumbuka tena kwamba huoni yote. Mtoto wa miaka saba anayeziba masikio na kupiga mayowe blenda ya juisi ikiwashwa anaweza kuwa na usonji. Wazazi wake wamefikiri sana kabla ya kutoka, na huenda ni mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ukigeuka na kunung'unika, hawatatoka tena. Tabasamu moja na "msijali" vinaweza kuwa ndiyo sababu ya wao kumalizia chakula chao. Nanyi wazazi wa mtoto wa namna hiyo, mhudumu akiambiwa mapema atawapa meza iliyo mbali na spika na blenda. Wengi wao wana moyo, wakielezwa.

Mkimaliza

Kusanyeni wali ulioanguka kwenye kiti na chini ya meza, walau ule mnaoufikia, na mfute meza kwa tishu. Mtoto wa miaka mitano anaweza kupanga sahani. Glasi ikivunjika, mwambie mwenyewe msimamizi kwamba ni mtoto wako, na uombe kuilipa. Wapo wenye migahawa wanaoikata kwenye mshahara wa mhudumu. Mhudumu aliyehudumia meza yenye watoto watano amefanya kazi ya meza mbili, kwa hiyo mwachieni kitu mkononi mwake, na mtoto ndiye ampe, aseme ahsante.

Nawe mwenye mgahawa, familia zinazokuja mwisho wa mwezi ndizo zinazoagiza kuku mzima na soda za watu wanane. Nunua viti viwili vya watoto. Weka kwenye orodha sahani ndogo kwa bei ndogo, ili mzazi asilipie wali wa mtu mzima utakaomwagwa nusu. Weka sinki moja la kimo cha mtoto, lenye sabuni. Zaidi ya yote, kama jiko lako la kuchomea liko wazi katikati ya viti, liwekee ukuta wa matofali wa kimo cha kiuno. Ni kazi ndogo kwa fundi. Jenga huo kwanza, televisheni ya pili itafuata.